Nafasi Moja ya Kwenda Pemba

Cristina alinipigia simu Jumapili asubuhi, nikiwa na sabuni usoni na wembe mkononi. Aliniambia kwa Kireno kwamba mama yake amefariki, halafu, kana kwamba Kireno hakikutosha, akalirudia kwa Kiswahili: "Mama katutoka, kaka." Mama yake ni Dona Verónica, muuguzi niliyefanya naye kazi mwaka mmoja tu, katika kituo cha afya cha mji mdogo wa pwani kaskazini ya Mocímboa da Praia. Vita vilipokuja alikimbilia Chiúre, akaishi huko kwenye kiwanja cha kupewa, na huko ndiko tulikomzika. Nilisafiri kutoka Nampula nikiwa na mvi zangu na mgongo wangu mbovu. Katekista alipouliza kama kuna anayetaka kusema neno juu ya marehemu, watu wakanigeukia mimi. Nikasimulia habari ya sufuria mbili, ile ya kwake na ile ya kwangu, watu wakacheka huku wanafuta machozi, Cristina akanishika mkono akasema ndivyo hasa mama alivyokuwa. Nilirudi kwenye benchi nikijiona mwoga. Nilikuwa nimesema la kuchekesha nikaacha la kweli, na la kweli ndilo ninaloliandika hapa, kwa sababu aliyelijua pamoja nami ameshazikwa.

Ulikuwa mwaka ambao kila mtu alizungumzia gesi. Ilikuwa imepatikana chini ya bahari, mbali kule tusikokuona, lakini ilijaa midomoni kuliko chumvi. Kwenye foleni ya wagonjwa wanawake waliambiana kwamba mwenye kibanda karibu na barabara atalipwa nyumba ya matofali, na mwenye minazi atalipwa mnazi kwa mnazi. Wanaume waliokuja na jino linalouma waliniuliza, nikiwa nimewashika taya, kama najua Kiingereza na kama ni kigumu. Kwenye daftari letu la wazazi kuna mtoto aliyeandikwa jina la Projecto, yaani Mradi, na baba yake alilitamka kwa sauti mara mbili ili tusilikosee. Mimi nilikuwa técnico mpya, tabibu wa daraja la kati, nimetoka mafunzoni Pemba na koti jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Nililiamini sana koti lile.

Nyumba ya wafanyakazi ilikuwa nyuma ya kituo: vyumba viwili vya matofali, bati juu, na jiko la matete nje. Chumba kimoja cha Dona Verónica, kingine changu. Yeye alikuwa mjane wa Kimakonde kutoka Mueda, mwenye chale za zamani usoni na miguu mipana, naye aliniambia siku ya kwanza kwamba mwanamume anayejipikia hunuka masizi, kwa hiyo atanipikia yeye. Sufuria yangu aliifunga kitambaa chekundu kwenye mpini. "Hii haijui nguruwe," alisema, "na ukiikuta bila kitambaa usiile, hata kama una njaa." Ile nyingine ilijua nguruwe pori kila ndugu zake walipomletea kutoka bara. Tulikula kwenye mkeka mmoja, kila mtu na sufuria yake: ugali wa muhogo, matapa, yale majani ya muhogo yaliyotiwa karanga na tui, samaki mkavu aliyechomwa kidogo ili aamke. Nimekula hoteli kubwa tangu wakati ule, za semina na za warsha, na sijapata kula tena kwa raha kama ile. Ukuta kati ya vyumba vyetu haukufika kwenye bati. Nilimsikia akisali rozari yake, na baada ya rozari aliwataja wagonjwa mmoja mmoja bila majina, kwa vitanda vyao: yule wa kitanda cha pili na miguu yake ya baridi, yule wa dirishani asiyekojoa. Mwisho alinitaja mimi. "Na huyu técnico wangu, Bwana, mfungue masikio." Nilikuwa nikicheka kimya kwenye mto wangu.

Kitu nilichokuja nacho kutoka Pemba, mbali na koti, kilikuwa kadi. Niliinakili mwenyewe kwa mwandiko mzuri nikaifunika nailoni. Ilikuwa ya wagonjwa wanaotoka damu tumboni, wale wanaotapika damu au wanaotoa choo cheusi, na ilimpa kila mgonjwa alama: presha imeshuka kiasi gani, mapigo yanakwenda mbio kiasi gani, damu mwilini imepungua kiasi gani, choo ni cheusi au si cheusi, amezimia au hakuzimia, ana ugonjwa wa ini, ana ugonjwa wa moyo. Unajumlisha. Mwenye sifuri anaweza kurudi nyumbani kwake, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo haja ya hospitali kubwa inavyopanda. Kulikuwa na kipimo kimoja kwenye kadi ambacho maabara yetu haikuwa nacho, na hapo niliandika sifuri kwa kila mtu. Sikujiuliza maana yake. Maana yake ilikuwa kwamba tusichokijua tulikihesabu kuwa hakipo.

Sitaisema vibaya kadi ile, maana ilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Kabla yake, anayepelekwa Pemba alikuwa mwenye ndugu wanaopiga kelele zaidi, au mjomba wa katibu wa mtaa. Na mwaka ule wagonjwa wa damu walikuwa wengi. Vijana wa bara walikuja kufyeka njia porini kwa ajili ya wapimaji wa gesi, wakibeba nyaya na betri siku nzima, na ili waamke kesho yake walimeza vidonge vya maumivu viwili viwili, vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya daktari, mara nyingi na tumbo tupu. Wanawake wazee walimeza hivyo hivyo kwa magoti. Baada ya wiki kadhaa tumbo lilijibu. Ambulansi yetu ilikuwa juu ya matofali, haina magurudumu. Kilichokuwepo ni gari la kambi moja ya wapimaji lililokwenda Pemba kila Jumatatu na Alhamisi kuchukua vyakula. Mkuu wa kambi alikubali litubebee mgonjwa mmoja na ndugu mmoja. Mmoja, si wawili. Motorista, dereva wa gari hilo, alituambia wazi kwamba akionekana na wawili anafukuzwa siku hiyo hiyo, na ana watoto.

Dona Verónica hakuidharau kadi. Aliitazama siku ya kwanza, akaisoma yote kwa kidole, akasema ni sawa, ila imeanza katikati. Sikumuuliza mwanzo wake uko wapi. Nilimwona tu akifanya kazi kwa namna yake, nayo ilinichosha. Mgonjwa akiingia, hakushika mkono wala kipimo. Alimgeukia aliyemleta. Wewe ni nani wake? Aa, shemeji yake. Haya shemeji, nenda kisimani ukatuletee ndoo ya maji. Ndoo za maji zilikuwa tele, mimi nilizijaza mwenyewe alfajiri. Nilidhani ni mazoea ya uzee, mtu anayependa kutuma watu.

Alhamisi moja ya kiangazi waliingia wawili kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa Tomás, kijana wa Mbau, mfyekaji, aliyetapika damu usiku na kuletwa na wenzake wawili. Hakuwa na haya hata kidogo. Alinieleza choo chake chote, rangi, wingi na harufu, mbele ya foleni nzima, mpaka mama mmoja akaomba ahamishiwe benchi jingine. Wa pili alikuwa Bi Muanaiche, mama wa makamo kutoka kisiwa cha Macaloe, mnene kidogo, mwenye kanga safi na hina iliyokuwa inafifia. Alikuwa amevuka asubuhi ile na mkwe wake Amade, mume wa binti yake, kwa kuwa binti alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue. Njiani alitema mate yenye damu. Amade alinieleza hivyo huku amesimama upande wa kichwa cha kitanda, ameshika mfuko wa mama mkwe kwa mikono miwili, na uso ameugeuzia dirishani. Niliuona ule uso ulivyogeuzwa. Sikuelewa ninachokiona.

Nasema sikuelewa, na hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwa sababu mimi ni mtu wa Mocímboa. Si mgeni. Hadi leo sijawahi kutamka neno tumbo mbele ya mama mkwe wangu, na tukikutana njiani nampisha upande wa pili. Najua kwamba mkwe na mama mkwe hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na mambo ya mwili baina yao hayapo, ni kama hawana miili. Ningekuwa nimevaa kikoi, barazani kwetu, ningelijua hilo kabla sijafungua mdomo. Lakini nilikuwa nimevaa koti, nikawa mtu wa kadi. Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Hawakusema kuuliza mbele ya nani.

Basi nikauliza, kwa sauti ya juu kwa sababu ya kelele za foleni. Nilimwuliza choo chake kikoje. Aliivuta kanga mpaka mdomoni, akautazama ukuta, akasema hakina neno. Ni cheusi? Hapana. Amezimia, ameanguka, amepata kizunguzungu mpaka akakaa chini?

"Hapana, mwanangu."

"Amechoka na safari tu," Amade akasema, akiliambia dirisha.

Nikaandika sifuri, na sifuri. Presha yake ilikuwa imeshuka kidogo, alama moja. Mapigo yalikwenda mbio kidogo, alama moja. Damu pungufu kidogo, alama moja, na nani kati ya wanawake wetu hana damu pungufu. Tatu. Tomás alikuwa na tano. Niliridhika, hilo nalikumbuka kuliko yote, jinsi nilivyoridhika kwamba jambo gumu limekuwa jepesi na halina upendeleo. Motorista alikuwa ameshapiga honi mara mbili. Nilikuwa naandika guia ya Tomás, ile barua ya kumpokelesha mgonjwa hospitali kubwa, Dona Verónica alipopita na beseni la vyombo vya kuchemsha, akasimama.

"Muulize tena yule mama, mkwewe akiwa nje."

"Gari linaondoka, Dona."

"Litangoja."

"Halingoji. Na nimeshamwuliza."

Aliniangalia kwa muda ambao ungetosha kuuliza. Yeye alikuwa muuguzi na mimi técnico, na mwenye kutia sahihi guia ni mimi. Alikwenda na beseni lake. Tomás akapandishwa, mlango ukafungwa, vumbi likabaki.

Ilikuwa karibu na adhuhuri Bi Muanaiche alipoomba kwenda kujisitiri. Amade alikuwa amekwenda kununua mkate. Dona Verónica alimpeleka, amemshika kiuno, nao walikawia. Waliporudi alimlaza, akanawa mikono mbele yangu polepole, kidole kwa kidole, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba choo ni cheusi kama lami, leo siku ya nne, na kwamba jana alfajiri alianguka huko huko chooni kwao akakaa chini hajui ni muda gani, mpaka jogoo wakawika. Hakusema nilikwambia. Nilichukua kadi nikajumlisha upya, hesabu ambayo mtoto wa shule angeiweza. Kuzimia, mbili. Choo cheusi, moja. Sita. Nafasi ile ilikuwa yake.

Nilimpigia motorista, simu haikushika, alikuwa ameshaingia porini ambako mtandao haufiki. Tuliweka dripu mbili, tukainua kitanda upande wa miguuni kwa matofali. Damu ya kuongeza hatukuwa nayo. Amade tulimtuma kwa mfanyabiashara wa samaki mwenye pikapu, naye alikubali mara moja, ila mafuta hayakuwepo, wakaanza kuzunguka mjini na dumu. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Dona Verónica alikaa upande wa pili, amekishika kiganja cha mama yule ndani ya vyake viwili. Nikamwuliza Bi Muanaiche, na sijui kwa nini niliona nina haki ya kuuliza, kwa nini hakuniambia asubuhi. Hakukasirika. Alinijibu kama anayemfundisha mtoto jambo la nyumbani.

"Yule kamuoa mwanangu. Mimi ndiye ninayempikia siku hizi, mke wake yumo ndani na kichanga. Akishayasikia hayo, atakulaje kilichotoka mkononi mwangu?"

Halafu akatuomba tusimwambie. Dona Verónica alisema hatutamwambia, mama, apumzike. Bi Muanaiche alifariki alasiri, baada ya kutapika mara moja, damu nyingi. Pikapu ilikuwa mlangoni, imeshatiwa mafuta.

Jioni ile Dona Verónica alipika kama kawaida, akaniwekea sufuria yangu. Nilingoja anigombeze. Huyu ni mtu aliyenigombeza kwa kuacha ndala mlangoni, kwa kunywa chai bila kupuliza, kwa kuandika herufi ndogo zisizosomeka. Niliutaka ule ugomvi kama mtu anavyotaka maji, nikaona ukinipata nitalia na nikilia hatia itapungua. Hakunigombeza. Usiku ukutani alitaja vitanda vyake, akafika kwenye kitanda cha Bi Muanaiche akakitaja pia, kana kwamba bado yumo. Asubuhi niliikuta kadi mezani, na juu kabisa, kabla ya presha, kwa peni ya bluu na mwandiko wake mpana, ameandika: Nani yumo chumbani? Tangu siku hiyo tulianzia hapo, na nami nikaanza kutuma watu kisimani. Tulifanya kazi hivyo miezi iliyobaki, mpaka nilipohamishwa, na sijawahi kuwa na mwenzangu wa kazi kama yeye. Nilimwandikia mara mbili, halafu nikaoa, halafu vita, halafu kila mmoja akawa na namba mpya ya simu. Sababu hizo nilizitoa mazikoni na watu walizikubali. Mimi sizikubali. Ningeweza kumtafuta.

Tomás alirudi baada ya wiki mbili, mwembamba na mwenye furaha, kuja kushukuru. Nilimchukia kwa muda mfupi pale mlangoni, mtu asiye na kosa lolote. Halafu nikampa mkono.

Lakini kabla ya Tomás alikuja Amade. Alikuja matanga yalipokwisha, siku ya nne, kuchukua karatasi ya kifo. Alikuwa amevaa kanzu, na alileta furushi la pweza mkavu akalikabidhi kwa Dona Verónica, shukrani ya familia kwa kumshika mkono mama yao. Mimi nilimwandikia karatasi yake. Nilipompa hakuondoka. Alisimama mbele ya meza akaikunja mara mbili, akaikunjua. Alisema kisiwani watu wanasema maneno. Kila anayekuja kutoa pole anakaa, anavuta pumzi, anasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mke wake anayasikia hayo akiwa ndani, na anauliza mama alificha nini.

"Técnico," akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Mama alificha kitu?"

Dona Verónica alikuwa anapanga chupa kabatini. Mikono yake ilisimama. Nilikuwa na ahadi ambayo yeye aliitoa kwa niaba yetu wawili, na nilikuwa na ile sifuri, na ile sifuri nyingine. Ningesema ndiyo, ningekuwa salama: mgonjwa hakusema, técnico angejuaje. Hata kadi ingenitetea.

"Hakuficha kitu," nikasema. "Mimi ndiye sikuuliza vizuri."

Nilimwona anarudi kwenye asubuhi ile, kitanda, mfuko mikononi, dirisha. Nilimwona anafika.

"Ungeniambia nitoke," akasema, "ningetoka."

Hakulisema kwa hasira. Aliitia karatasi mfukoni mwa kanzu, akatuaga wote wawili kwa salamu kamili, akatoka. Mimi nilibaki nimekaa, na nadhani ningekaa hapo mpaka jioni.

"Usikae hapo," Dona Verónica akasema nyuma yangu. "Vua koti, kamsindikize."

Nikalivua, nikamfuata, nikatembea naye bega kwa bega mpaka kwenye mtumbwi. Hiyo ndiyo amri ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa, na leo ningetoa nilicho nacho chote niisikie sauti ile ikiniamuru tena.